Somo: Kupokea malalamiko ya nyumba bila kumponza mlalamikaji

Wenzangu tunaopokea malalamiko kwenye madirisha ya ofisi za kaunti, mmeniomba niandike jinsi ya kushughulikia malalamiko ya nyumba kwa kufuata haki za binadamu. Naanza na kosa langu mwenyewe.

Mama mmoja kutoka Kaptembwo, hapa Nakuru, alinijia na risiti za kodi ndani ya mfuko wa unga. Choo cha ploti, yaani kiwanja cha vyumba vya kupanga, kimejaa, kinamwagika hadi mlangoni pake, na mtoto anaharisha. Vyumba 14, choo kimoja. Niliandika maneno mawili daftarini, "Choo kimejaa", nikampelekea bwana afya, afisa wa afya ya umma. Ilani ikatoka upesi. Mwenye ploti hakugusa choo. Alitia vyumba kufuli akisema ni amri ya serikali. Wiki iliyofuata mama alisimama dirishani kwangu na godoro kichwani, na daftari langu likisema lalamiko limetatuliwa.

Hatua ya kwanza: mkalishe mtu mahali pa kusemea. Mwanamke hawezi kukwambia kwamba keataka, msimamizi wa ploti, anamtaka yeye badala ya kodi huku foleni nzima imetega masikio. Katiba ya Kenya inalinda utu wake katika ibara ya 28 na faragha yake katika ibara ya 31. Huna chumba? Tokeni mkae verandani. Andika kwa maneno yake, kisha umsomee aseme ndivyo au sivyo.

Hatua ya pili: tafuta haki iliyoguswa. Ibara ya 43 inampa kila mtu haki ya makao yanayofikika na ya kutosha, pamoja na usafi wa kiwango cha kuridhisha. Makao ya kutosha si ukuta na mabati tu. Mwaka 1991 kamati ya Umoja wa Mataifa inayohusika na haki za kiuchumi, kijamii na kitamaduni ilitaja mambo 7: usalama wa kukaa, huduma kama maji na choo, gharama, hali ya nyumba yenyewe, kufikika, mahali ilipo, na utamaduni wa wakazi. Usiyakariri, yageuze maswali. Unalipa ngapi? Maji mnachota wapi? Kuna mgonjwa au mtu asiyeweza kutembea? Halafu lile ambalo sikumuuliza mama wa Kaptembwo: mwenye nyumba akijua umekuja hapa, atakufanya nini?

Hatua ya tatu: jua wajibu ni wa nani. Hapa ndipo tunapoponyoka kwa kusema, "Hayo ni ya mpangaji na mwenye nyumba wake." Ibara ya 21 inaitaka serikali iheshimu haki, izilinde na izitimize. Kulinda ni pamoja na kumzuia mtu binafsi asimwumize mwenzake. Choo ni cha mwenye ploti, ukaguzi ni wetu. Na lalamiko likitoka nyumba za kaunti, kama Kivumbini au Flamingo, hatuna hata wa kumsukumia, maana wenye nyumba ni sisi.

Hatua ya nne: kabla ilani haijatoka, uliza watu watalala wapi. Sheria ya Afya ya Umma, sura ya 242, inaruhusu kumwagiza mwenye nyumba aondoe kero. Basi ilani iseme kazi na siku: choo kinyonywe lini, cha pili kichimbwe lini. Kufunga nyumba kuwe ni neno la mwisho. Jina la mlalamikaji lisionekane popote, na siku ya ukaguzi pitieni ploti mbili tatu za jirani ili mwenye nyumba asianze kunusa nani kasema.

Hatua ya tano: jibu kwa maandishi, ukitoa sababu, hata kama jibu ni hapana. Ibara ya 47 na sheria ya mwaka 2015 ya haki katika maamuzi ya kiutawala zinataka hivyo. Faili usiifunge kabla hujampigia simu.

MASWALI YA WENZANGU

Karani, Nakuru: Mwalimu, mpangaji akiwa na deni la miezi mitatu, bado ana mdomo wa kulalamika?

Jibu: Anao. Deni ni deni, choo ni choo. Mwenye nyumba adai kodi yake kisheria, si kwa kung'oa mlango. Tena kwa nyumba za kuishi ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, Sheria ya Kudhibiti Kodi, sura ya 296, ina baraza lake, na kumtoa mpangaji kunahitaji amri.

Afisa, Kisumu: Huku Nyalenda watu wamejenga kando ya mto Auji. Wakija kulalamikia mafuriko, si wao ndio wavunja sheria?

Jibu: Pokea lalamiko, ndugu yangu. Hata anayekaa kwenye ardhi ya umma bila ruhusa hupewa ilani ya miezi mitatu, kwa marekebisho ya sheria za ardhi ya 2016, na maafisa wanaomhamisha wanatakiwa kujitambulisha na kulinda utu wake. Januari 2021 Mahakama ya Juu, katika kesi ya wakazi wa Mitumba karibu na Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi, ilikubali kwamba watu kama hao wanaweza kuwa na haki ya makao inayolindwa, ingawa hawana hati ya kiwanja.

Karani, Kakamega: Pikipiki ya bwana afya haina mafuta tangu mwezi uliopita. Niandike nini?

Jibu: Andika hivyohivyo, na tarehe. Serikali ikidai haina uwezo, ibara ya 20 inaitaka yenyewe ithibitishe. Mama wa watu asibebeshwe mzigo huo.

Dada wa mapokezi, Nakuru: Na yule mama aliishia wapi?

Jibu: Alipata chumba Rhonda, kodi imezidi ya kwanza kwa mia nne. Choo ni cha vyumba vinne, kina kufuli, na ufunguo mmoja anao yeye. Mfuko wake wa unga bado uko kwenye droo yangu. Kila nikimpigia aje auchukue, hujibu kwamba atauhitaji akirudi.