Kabla Hujajaza Ndoo ya Konokono Ughaibuni

Sisi tuliokulia Igombe, nje kidogo ya Mwanza, sheria ya ziwa tunaijua kwa macho. Sangara asiyefika sentimita 50 haruhusiwi, na pale mwaloni Kirumba hata kijana wa kubeba karai anajua kwa nini watu hutembea na rula. Lakini konokono na kome wa ziwani hatukuwahi kuwahesabu, maana kwetu hakuna aliyewapeleka jikoni. Mazoea hayo tunapanda nayo ndege: kisichotajwa ni halali, chota.

Ndivyo nilivyofanya mimi na dada yangu, mwaka wetu wa kwanza California. Maji yalikuwa yamekupwa, tukaokota konokono warefu wenye ncha kama pia ya kuchezea watoto. Leseni tulikuwa nazo, na jedwali la viwango katika kitabu cha kanuni za uvuvi nilikuwa nimelisoma: kome pauni 10 pamoja na magamba, yaani kilo nne na nusu hivi. Konokono wetu hakutajwa popote. Afisa alipofika, aliwamwaga juu ya jiwe bichi, akawahesabu wawili wawili kwa ncha ya kalamu. Nikamuuliza, "Mbona hawa hawamo kwenye kitabu?" Akafungua ukurasa ambao sikuufikia, akaweka kidole. Tuliwarudisha wote majini.

Ukurasa ule ndio ninaoomba kila Mtanzania aliyeko huko ausome. Una mambo mawili yanayoonekana kupingana. La kwanza, kiumbe yeyote asiye na uti wa mgongo ambaye hakuwekewa kiwango chake, kiwango ni 35 kwa siku. Hapo wengi hufunga kitabu wakifurahi. La pili, kuanzia alama ya maji kujaa hadi futi 1,000, karibu mita 300, kuelekea baharini kupita alama ya maji kupwa, huruhusiwi kuchukua kiumbe wa namna hiyo isipokuwa aliyeorodheshwa kwa jina. Kwa hiyo turban snail, konokono mnene wa umbo la kilemba, yumo kwenye orodha, na unaweza kuchukua 35. Wale wetu hawakuwemo, hata mmoja hakuruhusiwa. Kutotajwa kulikuwa ndiyo katazo lenyewe.

Na kuna maeneo ya hifadhi ya bahari ambako hata aliyeorodheshwa haguswi. Angalia ramani kwanza, kitabu baadaye.

Ukishindwa kumtambua kiumbe, mpige picha juu na chini ya gamba, itume kwa Idara ya Samaki na Wanyamapori ya jimbo, na jibu lao litunze kwenye simu. Usitegemee jibu la jirani, hata kama amevua pale miaka 20. Kanuni hubadilika: uvuvi wa burudani wa abaloni, konokono mkubwa wa baharini, huko umefungwa tangu 2018, na bado wapo wanaosimulia kana kwamba ni jana.

Jambo linalotuponza zaidi ni friji. Kiwango cha siku ni pia kiwango cha kumiliki, isipokuwa kanuni iseme vinginevyo. Ukiwa na 35 wa jana kwenye barafu, leo huongezi. Na ukihamia jimbo la Washington, ujue kila mchimbaji lazima awe na chombo chake. Ile desturi yetu ya ndoo moja ya familia huko ni kosa. Chaza nao hufunguliwa palepale ufukweni na magamba huachwa, kwa sababu chaza wachanga hushika juu yake.

Sasa sumu, ndugu zangu, hapa sitanii. Kila mwaka, kuanzia Mei 1 hadi Oktoba 31, California hukataza kuchuma kome wa baharini kwa ajili ya kula. Kome hula vijimea vidogo vyenye sumu inayopoozesha mwili hadi pumzi kukata. Nyumbani tumezoea kwamba kitu kikichemka vizuri kimepona. Sumu hii haiondoki kwa kuchemsha, kukaanga wala ndimu, na kome mwenye sumu hana harufu wala rangi tofauti. Tangazo jingine linaweza kutoka hata nje ya miezi hiyo, kwa hiyo piga simu ya idara ya afya ya jimbo asubuhi ileile unayotoka.

Mkija likizo Mwanza na watoto wakataka kuokota magamba, muulizeni kwanza kiongozi wa BMU, kikundi cha kusimamia rasilimali za uvuvi, wa mwalo husika, na msiwaache wakanyage maji ya kingo zenye majani. Konokono wadogo wa pale ndio wanaobeba kichocho.