Usimfungie mfalme: namna ya kumaliza mchezo wa sataranji bila kuambulia sare

Hapa Kigoma, wengi wanaoanza sataranji wametokea kwenye drafti. Mtu ameshinda kutwa nzima kibarazani Mwanga au Ujiji, vizibo vya soda vikigongwa ubaoni, na jambo moja limemkaa kichwani: mpinzani akikosa pa kwenda, amekwisha. Kwenye drafti ni kweli. Kwenye bao vilevile, asiye na cha kucheza kashindwa. Sataranji ina sheria yake. Ikifika zamu ya mtu, mfalme wake hajapigwa cheki (yaani hashambuliwi), na hana kete hata moja inayoweza kusogea kihalali, hiyo ni stelimeti, na stelimeti ni sare. Wewe uliyebaki na malkia unapata nusu pointi, na yeye aliyebaki na mfalme mtupu anapata nusu pointi. Anaondoka anacheka.

Kwa hiyo vijana ninaowafundisha siwaanzishii na ufunguzi wa mchezo. Tunaanzia mwisho. Chukua ubao, mweupe akae chini: safu ni a hadi h kutoka kushoto kwake, mistari ni 1 hadi 8 kutoka upande wake.

Hatua ya 1: Ikariri picha ya hatari

Weka mfalme mweusi h8, malkia mweupe g6, mfalme mweupe a1. Zamu ni ya mweusi. Tazama miraba yake mitatu: g8, g7 na h7 zote zinalindwa na malkia. Lakini h8 yenyewe haijaguswa. Hakuna cheki, hakuna pa kwenda, mchezo umeisha sare.

Angalia umbali kati ya malkia na mfalme: ni ruko moja la farasi, miraba miwili upande mmoja na mmoja pembeni. Ukimhamishia malkia f7, matokeo ni yaleyale. Kila kona ina miraba miwili ya namna hiyo, kwa hiyo ubao mzima una minane. Igeuzegeuze mpaka jicho liitambue bila kuhesabu.

Hatua ya 2: Mfukuze kwa malkia, kisha jua pa kusimama

Ruko hilohilo la farasi, mfalme akiwa katikati ya ubao, ndilo silaha yako. Mfalme mweupe a1, malkia f3, mfalme mweusi e5, zamu ya mweusi. Usipige cheki. Kazi yako ni kumwiga tu: akienda upande fulani, malkia naye aende upande huohuo, mraba mmoja.

Anacheza Kd6 (K ni mfalme, d6 ni mraba anaokwenda), wewe malkia e4. Kc7, malkia d5. Kb8, malkia c6. Sasa amebakiwa na a7 tu, anaenda. Malkia b5. Anaingia a8.

Simama hapo! Mkono uliozoea drafti unataka kumsogeza malkia b6, na watazamaji nao hawakosekani: "Mfunge! Mfunge huyo!" Ukimfunga, umetoa sare. Mwache malkia palepale b5. Mweusi ana miraba miwili ya kutembelea, a8 na a7, na huo ndio uhai wa ushindi wako. Sasa mlete mfalme: b2, c3, c4, c5, c6. Mweusi atakuwa anakwenda a7 na kurudi a8, kurudi na kwenda. Ukishafika c6 naye akiwa a7, malkia b7, chekimeti: cheki asiyoweza kuikwepa, umeshinda.

Si njia fupi kuliko zote. Malkia na mfalme wanaweza kumaliza kazi ndani ya hatua 10 kutoka popote pale, na ngome na mfalme ndani ya 16, ukicheza bila dosari. Ila sheria inakupa hatua 50 bila kula kete wala kusogeza askari kabla mpinzani hajaweza kudai sare. Haraka ya nini?

Ngome ina mtego mdogo zaidi. Kumbuka mmoja tu: mfalme mweusi a8, ngome b7, mfalme wako c6 akiilinda. Zamu ikiwa ya mweusi, ni sare.

Hatua ya 3: Muachie kitu cha kucheza

Kabla hujasogeza kete, jiulize swali moja: nikicheza hivi, yeye atacheza nini? Ukiona jibu hata moja halali, huna wasiwasi wa stelimeti. Ndiyo maana tamaa ya kula kila kete ni hatari. Mpinzani mwenye askari mmoja anayeweza kusogea hana namna ya kukwama. Ukishamla huyo askari, kila hatua ya malkia wako inahitaji hesabu. Kama askari huyo yuko mbali na kugeuka malkia (askari akifika mstari wa mwisho hubadilishwa kuwa kete kubwa), mwache atembee. Unaweza kumpiga mfalme wake chekimeti askari akiwa bado njiani.

Hatua ya 4: Askari mmoja, mfalme atangulie

Ukibaki na askari mmoja dhidi ya mfalme mtupu, kosa la kawaida ni kumsukuma askari mbele na mfalme kufuata nyuma. Mwisho wake ni huu: askari f7, mfalme wako f6, mfalme mweusi f8, zamu yake. Stelimeti.

Mfalme akitangulia, hali inabadilika. Mfalme mweupe e6, askari e5, mfalme mweusi e8: hapo unashinda hata zamu ikiwa ya nani. Ikiwa yako, cheza Kd6, yeye Kd8. Askari e6, yeye Ke8. Askari e7, yeye analazimika kwenda f7. Wewe Kd7 na askari anageuka. Askari ameingia mstari wa saba bila kupiga cheki, na hiyo ndiyo dalili njema. Askari wa safu ya a au h usimtegemee: mpinzani akiwahi kona iliyo mbele yake, ni sare.

Hatua ya 5: Si lazima awe malkia

Mfalme mweupe f6, askari f7, mfalme mweusi h7, zamu yako. Tisa kati ya wanafunzi kumi wangeweka malkia f8, na wote wangepata sare. Hesabu mwenyewe miraba ya mweusi. Chukua ngome badala yake. Ngome haiifikii h6, mweusi analazimika kuingia humo, nawe unacheza ngome h8, chekimeti.

Mfano mashuhuri zaidi wa wazo hili ni wa mwaka 1895, Glasgow, ambako padri wa Kihispania, Fernando Saavedra, aligundua ushindi katika fumbo lililokuwa limetangazwa kuwa sare. Siri yake ilikuwa askari kugeuka ngome, kwa sababu malkia angelazimika kula ngome ya mweusi na kumkwamisha mfalme wake.

Hatua ya 6: Ukiwa wewe ndiye unayezama

Geuza kila kitu. Mfalme wako akishakosa pa kwenda na askari wako wamezibwa, kete iliyobaki ndiyo inayokuzuia kupata sare. Itoe. Ngome inafaa kuliko zote: ipeleke ubavuni mwa mfalme wa mpinzani, upige cheki, akiila ni stelimeti, asipoila unapiga tena. Larry Evans alimfanyia hivyo Samuel Reshevsky kwenye ubingwa wa Marekani wa msimu wa 1963/64. Alianza kwa kumtoa malkia, kisha akaileta ngome mstari wa saba, na Reshevsky, aliyekuwa na ushindi mkononi, akabaki kuchagua kati ya kuila ngome hiyo na kukimbizwa nayo bila mwisho.