Mambo ya kuzingatia kabla ya kufunga injini ya gari kwenye ndege ya kujijengea ya kuruka kwa umbali mfupi

Mtu anayejijengea ndege ya kuruka na kutua kwa umbali mfupi huanza kutafuta injini kwa kuuliza ina nguvu za farasi ngapi, na hapo ndipo hesabu inapoanza kumpotosha. Swali linalomfaa kabla hajalipia chochote ni hili: injini hiyo, pamoja na kila kitu kitakachofungwa nayo, itafanya nini ndege ikiwa imeinua pua, kasi ikiwa kilomita 60 au 70 kwa saa, injini ikiwa imepewa mafuta hadi mwisho, na siku ikiwa ya joto? Ndege ya aina hii imeundwa kwa ajili ya dakika hizo chache, na injini inayofanya vizuri kwenye mwendo wa kawaida lakini ikashindwa hapo haina faida kwake.

Wazo la kurusha injini ya gari si geni. Bernard Pietenpol wa Marekani aliifunga injini ya Ford Model A kwenye ndege yake ya Air Camper mwishoni mwa miaka ya 1920, na tangu hapo Volkswagen za kupozwa kwa hewa, Chevrolet Corvair, Subaru, Suzuki na Honda zote zimepata wafuasi wake. Hoja ya kwamba injini ya gari ni dhaifu mno kwa kazi ya anga hainiridhishi. Ni kweli kwamba barabarani hutumia sehemu ndogo tu ya nguvu zake kwa muda mwingi, ilhali ndegeni huombwa nguvu zote wakati wa kuruka na kisha asilimia 65 hadi 75 kwa saa nzima, lakini pistoni na silinda za injini ya kisasa huvumilia kazi hiyo vizuri. Kinachoharibika mara nyingi zaidi ni kile alichoongeza mjenzi mwenyewe: giaboksi ya kupunguza mizunguko, mabomba ya maji, nyaya, pampu za mafuta. Kwa hiyo anayechagua injini anachagua mfumo mzima, na ndio anaopaswa kuupima.

Jambo la kwanza ni propela. Kwa kasi ndogo, propela pana inayozunguka polepole husukuma hewa nyingi taratibu, nayo hutoa msukumo mkubwa zaidi kuliko propela fupi inayopokea nguvu zilezile. Kwa hesabu ya nadharia, kuongeza kipenyo kutoka mita 1.5 hadi mita 1.8 huongeza msukumo wa ndege iliyosimama kwa takriban asilimia 13, bila kuongeza hata farasi mmoja. Lakini propela pana haiwezi kuzungushwa kwa kasi ya injini ya gari. Propela ya mita 1.8 ikizunguka mara 2,400 kwa dakika, ncha zake husafiri kwa takriban mita 226 kwa sekunde, na hapo hakuna tatizo. Ikizungushwa mara 5,500 kwa dakika, ncha zingefika mita 518 kwa sekunde, wakati sauti yenyewe husafiri kwa takriban mita 340. Kelele ingekuwa kubwa mno, na sehemu kubwa ya nguvu ingepotea bure. Ndiyo maana Rotax 912 ULS, ambayo ni injini ya ndege tangu kubuniwa, hutoa nguvu za farasi 100 kwenye mizunguko 5,800 kisha huipunguza kwa uwiano wa 2.43 kwa 1. Anayenunua injini ya gari yenye tangazo la farasi 130 kwenye mizunguko 6,000, akakusudia kuifungia propela moja kwa moja na kuizungusha mara 3,000, ajue kwamba atapata takriban nusu ya nguvu alizolipia.

Basi giaboksi ni ya lazima kwa injini nyingi, na hapa msomaji anapaswa kutumia muda mwingi kuliko mahali pengine popote. Injini ya pistoni haitoi nguvu kwa mfululizo ulio laini. Kila silinda inapowaka, krenki, yaani shafti kuu inayozungushwa na pistoni, hupigwa msukumo mmoja, na kati ya misukumo hiyo hupungua kasi kidogo. Propela kwa upande wake ni nzito na haitaki kubadili mwendo. Kati ya vitu hivyo viwili kuna shafti, meno ya gia, mkanda au cheni, na vyote hivyo hujisokota na kujisokotoa kama springi. Kuna kiwango fulani cha mizunguko ambapo misukumo ya injini hulingana na mwendo wa asili wa springi hiyo, na hapo mtetemo wa msokoto hukua hadi kukata shafti au kung'oa meno, bila rubani kuhisi chochote cha kutisha kwenye kiti chake. Mbunifu mzuri hukihamishia kiwango hicho chini ya mizunguko ya kawaida, kwa kiungo laini cha mpira, kwa uzito wa flaiwili (gurudumu zito la kulainisha mzunguko) uliochaguliwa kwa hesabu, au kwa klachi inayoshika injini ikishapita mizunguko ya chini. Muulize muuzaji wa giaboksi maswali matatu kabla ya kumpa fedha: kiwango hicho cha hatari kiko kwenye mizunguko mingapi, kimepimwa kwa vifaa au kimekisiwa tu, na giaboksi yake inaruhusu propela ya uzito gani. Hilo la mwisho husahaulika sana. Giaboksi iliyofanya kazi miaka mingi na propela nyepesi ya mbao inaweza kuvunjika mapema ikifungwa propela nzito ya chuma, kwa sababu si uzito pekee unaohesabika bali pia jinsi ulivyosambaa kuelekea kwenye ncha.

Wapo wanaokwepa matatizo hayo kwa kufunga propela moja kwa moja kwenye krenki, kama inavyofanyika kwa Volkswagen na Corvair. Ni njia rahisi na nyepesi, ila krenki ya gari haikuundwa kubeba propela inayoyumba kila ndege inapogeuka au kuinua pua. Krenki kadhaa za Corvair zilivunjika angani, na dawa iliyokubalika miongoni mwa wajenzi ni kuongeza beringi ya tano upande wa propela, maana kiwandani injini hiyo ilipewa beringi kuu nne. Kwa ndege ya kuruka kwa umbali mfupi, hata hivyo, Volkswagen isiyo na giaboksi huwa na propela fupi inayozunguka haraka, na kwa maoni yangu hiyo inatosha kuiondoa kwenye orodha, labda ndege iwe nyepesi sana.

Uzito unapaswa kupimwa kwa mizani, wala usichukuliwe kwenye karatasi ya mauzo. Takwimu ya kiwandani huenda haijahesabu giaboksi, rejeta, maji, oili, bomba la moshi, betri ya pili wala fremu ya kubebea injini. Zenith CH 701, ndege iliyobuniwa na Chris Heintz mwaka 1986 na kujengwa na watu wengi, ina uzito wa juu wa kuruka wa takriban kilo 500 tu, kwa hiyo kila kilo ya ziada puani ni mzigo au mafuta ambayo hayatapakiwa. Tufanye hesabu ya ndege tupu ya kilo 260: ukiongeza kilo 25 mita 1.2 mbele ya kitovu cha uzito, kitovu hicho husogea mbele karibu sentimita 10. Ndege yenye pua nzito hudai mkia usukumwe chini kwa nguvu zaidi, na hudai hivyo hasa wakati wa kutua polepole, ambapo hewa inayopita mkiani ni dhaifu. Kuweka vipande vya madini ya risasi mkiani kunasawazisha hesabu huku kukirefusha umbali wa kuruka, jambo lililo kinyume na sababu ya kujenga ndege hiyo.

Kupoza injini ndiko kunakowashinda wengi. Joto linaloingia kwenye maji linakaribia kulingana na nguvu inayotoka kwenye krenki, kwa hiyo injini inayotoa kilowati 75 inataka kuondoa makumi ya kilowati kupitia rejeta. Shinikizo la hewa inayosukumwa na mwendo hubadilika kwa mraba wa kasi: kasi ikipungua nusu, shinikizo hubaki robo. Ndege ya kawaida hupanda ikiwa na kasi ya kutosha kujipoza, lakini yetu hupanda polepole ikiwa inatoa nguvu zote, yaani joto la juu kabisa na upepo mdogo kabisa kwa wakati mmoja. Rejeta iliyoning'inizwa tu chini ya injini huongeza ukinzani wa hewa na kupoza vibaya. Inahitaji njia ya hewa iliyozibwa pembeni, inayopanuka taratibu kabla ya rejeta, na mlango wa kutokea ulio mahali ambapo hewa inavutwa, wala si mahali inaporudishwa nyuma. Mfuniko wenye shinikizo la takriban baa 1 huinua kiwango cha kuchemka cha maji hadi karibu nyuzi 120 za Selsiasi, na pasipo shinikizo maji hayo huchemka mapema kadiri ndege inavyopanda.

Mtiririko wa mafuta unapimwa kabla ya kuruka, ndege ikiwa imeinuliwa pua kwenye pembe kali kuliko itakayotumika, tangi likiwa na kiasi kidogo. Kipimo kinachotumika sana ni kwamba mfumo wa pampu utoe angalau asilimia 125 ya mafuta yanayotumika kwenye nguvu zote, na mfumo ambao mafuta hushuka yenyewe kwa uzito wake utoe asilimia 150. Kwa injini inayotumia lita 30 kwa saa, hizo ni lita 37.5 na lita 45.

Injini ya kisasa huzimika umeme ukikatika. Pampu, sindano za mafuta, kompyuta na plagi zake zikitumia jumla ya ampea 15, betri ya ampea-saa 18 itadumu, kwenye karatasi, zaidi kidogo ya saa moja, na kwa kweli chini ya hapo. Panga betri mbili, pampu mbili zenye fyuzi tofauti, na swichi ambayo mkono utaifikia bila macho. Kompyuta ya kiwandani nayo ichunguzwe: nyingi hupunguza nguvu sensa moja ikiharibika ili kuinusuru injini, uamuzi wa busara barabarani lakini wa hatari juu ya miti. Sensa ya oksijeni huharibiwa pia na petroli ya ndege yenye risasi.

Kuhusu miinuko, inatosha kukumbuka kwamba injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi) hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300. Tabo hurudisha nguvu hizo, na huongeza joto palepale lilipokuwa tayari limezidi.

Baada ya hayo yote, ndege ifungwe kwa kamba imara, pua ikiinuliwa, na injini iendeshwe kwa nguvu zote kwa muda mrefu kuliko upandaji wowote utakaofanyika, huku joto la maji, la oili na la giaboksi likiandikwa kila dakika. Marekani kwa kawaida hudai saa 40 za majaribio ya angani kwa injini na propela zisizo na cheti, badala ya 25 zinazotolewa kwa zilizo nacho. Katika saa hizo rubani ajizoeze kwanza, akiwa juu vya kutosha, kuondoa nguvu ya injini ghafla wakati wa kupanda kwa mwinuko mkali. Ndege hii ina ukinzani mwingi na kasi ndogo, na pua isiposhushwa mara moja, mbawa huacha kubeba kabla hajamaliza kujiuliza kilichotokea.