Jinsi ya kuwasilisha mipaka ya bahari ya nchi kwa Umoja wa Mataifa wakati bahari inapanda

Bunge kupitisha sheria ya mipaka ya bahari ni jambo moja. Kuiwasilisha mipaka hiyo kwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa ni jambo jingine kabisa. Hata mkataba wa mpaka na nchi jirani, uliokwisha kusajiliwa, hauhesabiwi kuwa uwasilishaji. Serikali yenyewe lazima itamke kwa maandishi kwamba inawasilisha, kwa mujibu wa Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982. Kwa nchi ambayo ufuko wake unaliwa na maji, kuchelewa hapa ni hatari kubwa.

Anzeni na mstari wa msingi, na hapa msiharakishe. Kila kipimo huanzia kwenye mstari huu: maili 12 za bahari ya kitaifa, maili 24 za ukanda unaopakana nayo, maili 200 za ukanda wa kiuchumi (maili moja ya baharini ni mita 1,852). Kwa Ibara ya 5 ya Mkataba huo, mstari wa kawaida ni ule wa maji kupwa, kama unavyoonyeshwa kwenye chati (ramani za baharini) za mizani kubwa ambazo nchi inazitambua rasmi. Fungu linaloibuka maji yakipwa, likiwa ndani ya maili 12 kutoka nchi kavu, laweza kuwa kianzio. Likizama moja kwa moja, jirani atauliza kianzio kiko wapi. Na hasara si ndogo: kisiwa kimoja kinachokalika, kikiwa mbali na nchi nyingine, kinaweza kuipa nchi ukanda wa kiuchumi wa takriban kilomita za mraba 431,000, wenye samaki na madini yake.

Kwa hiyo wapimaji waende wenyewe, wapime maji yakiwa yamekupwa, na wahifadhi kumbukumbu za kila nukta. Penye pwani iliyokatikakatika sana au yenye msururu wa visiwa vya karibu, Ibara ya 7 inaruhusu mistari iliyonyooka. Someni vizuri aya yake ya 2, inayohusu delta na pwani zisizotulia: mistari iliyowekwa hapo inabaki na nguvu hata mstari wa maji kupwa ukirudi nyuma, mpaka nchi yenyewe iibadilishe. Nchi za funguvisiwa, yaani zilizoundwa na visiwa vitupu, hufuata Ibara ya 47.

Kinachofuata ni kuchagua kati ya chati na orodha ya nukta za latitudo na longitudo. Mkataba unakubali vyote viwili. Mimi nashauri orodha, maana nukta iliyoandikwa kwa tarakimu haisogei mchanga unaposogea. Tajeni datamu ya jiodesia iliyotumika, yaani mfumo wa marejeo ambao latitudo na longitudo zimepimwa kwao, kwani nukta zilezile kwenye datamu mbili tofauti zaweza kuachana kwa mamia ya mita. Kama si WGS 84, datamu inayotumiwa na GPS, ambatisheni taarifa za kuzigeuza.

Orodha hiyo iingizwe kwenye sheria ya nchi na itangazwe kwenye gazeti rasmi la serikali. Visiwa vya Marshall vilitunga sheria ya namna hii mwaka 2016, na ni mfano mzuri wa kusoma kabla ya kuandika ya kwenu.

Sasa barua. Huandikwa na Ujumbe wa Kudumu wa nchi kule New York, kwa Katibu Mkuu, na hushughulikiwa na kitengo chake cha Masuala ya Bahari na Sheria ya Bahari. Iseme wazi kwamba ni uwasilishaji, na itaje ibara: ya 16 kwa bahari ya kitaifa, ya 75 kwa ukanda wa kiuchumi, ya 84 kwa rafu ya bara (sakafu ya bahari inayoendeleza nchi kavu chini ya maji), ya 47 kwa funguvisiwa. Mipaka ya nje ya rafu ya bara ipelekwe pia kwa Katibu Mkuu wa Mamlaka ya Kimataifa ya Sakafu ya Bahari, Kingston, Jamaika. Rafu inayovuka maili 200 ina njia yake: maombi hupelekwa kwanza kwa Tume ya Mipaka ya Rafu ya Bara, yenye wataalamu 21, ndani ya miaka 10 tangu Mkataba uanze kuifunga nchi.

Je, bahari ikipanda baadaye, lazima mpime upya? Viongozi wa visiwa vya Pasifiki walitamka Agosti 2021 kwamba kanda zao hazitapunguzwa. Tarehe 23 Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilieleza katika maoni yake ya ushauri kwamba Mkataba haulazimishi nchi kusasisha chati au orodha hizo kwa sababu ya kupanda kwa bahari, mradi ziliwekwa kwa kufuata Mkataba. Sharti hilo la mwisho ndilo linalofanya kazi ya wapimaji iwe ya thamani. Mstari uliovutwa kupita kiasi hautalindwa na maoni hayo.

Chati za mabaharia ni habari nyingine. Hizo ziendelee kusahihishwa kila kina kinapobadilika, kwa usalama wa vyombo, na sheria yenu itamke kwamba masahihisho hayo hayagusi mipaka iliyowasilishwa.

Umoja wa Mataifa ukishatangaza uwasilishaji wenu, nchi nyingine zaweza kupinga. Jibuni kila pingamizi kwa maandishi, kwa kumbukumbu zilezile za wapimaji, kwa sababu ukimya unaweza kusomwa kama kukubali.