Ukimtembelea mzee makaoni, anza na visigino

Mimi ni fundi cherehani. Uuguzi sikuusomea, na haya ninayoandika hayamwondoi daktari mahali pake. Niliyajua kwa miaka mitatu ya kumtembelea baba katika makao ya wazee. Mwaka wa kwanza wote nilikuwa mgeni tu: nafika, nakaa kwenye kiti, namsimulia habari za nyumbani, naondoka. Shuka jeupe, chumba kinanukia dawa ya usafi, nami nikaridhika.

Siku moja nikamvua soksi ili nimkate kucha. Kwenye kisigino cha kushoto palikuwa na doa jeusi, laini kama tunda lililoanza kuoza. Baba hakulalamika kwa sababu miguu yake ilikuwa imekufa ganzi. Wahudumu nao hawakuwa wameivua ile soksi kwa siku ambazo hakuna aliyeweza kuniambia ni ngapi. Wiki tano baadaye kidonda kilitoa usaha, na majibu ya maabara yakaandikwa MRSA. Hao ni bakteria wanaokaa kwenye ngozi na puani, ambao methisilini na jamaa zake haziwawezi tena. Dawa hiyo ilianza kutumika mwaka 1959, na kufikia 1961 huko Uingereza walishapatikana bakteria wasioisikia. Miaka miwili tu!

Basi, anza na visigino. Ngozi ikibanwa kati ya mfupa na godoro hukosa damu, na saa chache zinatosha kuiharibu. Baada ya visigino angalia mfupa wa mkia, nyonga, vifundo vya miguu, viwiko, mabega, kisogo, na masikio kwa anayelalia upande mmoja. Mwombe ruhusa mzee mwenyewe, vuta pazia, kisha umfunue sehemu moja moja. Bonyeza panapoonekana pekundu: wekundu ukipotea kisha ukarudi, hapo damu bado inapita; usipopotea, ngozi imeshaanza kuumia. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani vizuri, kwa hiyo tumia mkono. Linganisha na ngozi ya pembeni: je, hapa pana joto zaidi au ubaridi, pagumu au panabonyea? Vidole vyangu vimezoea kutafuta kasoro kwenye kitambaa, na kwa kweli kazi ni ileile.

Ukikuta kidonda, pima urefu na upana, andika tarehe. Siku ya kwanza nilitoa tepu yangu ya kushonea mkobani, muuguzi akanigombeza, na alikuwa na haki: tepu ya kitambaa inabeba vimelea kutoka kitanda hiki hadi kile, halafu inarudi kazini kwangu kwenye nguo za watu. Omba ile ya karatasi inayotupwa. Kidonda cha sentimita 2 kikifika 3 kwa wiki moja, hiyo ni hoja ambayo hakuna msimamizi atakayeijibu kwa kusema "tunakifuatilia, mama."

Omba pia kuona karatasi ya kumgeuza. Asiyeweza kujigeuza kitandani kwa kawaida hupangiwa kugeuzwa kila baada ya saa 2 hivi, kulingana na hali yake na godoro lake. Usiiangalie saa ya wageni tu. Nenda alfajiri, nenda jioni, nenda siku wasiyokutarajia. Karatasi ya baba niliisoma saa tisa alasiri ikiwa imeshajazwa, na sahihi juu, hadi saa nne usiku. Niliipiga picha bila kusema neno.

Sasa mikono. Vimelea sugu havina mabawa. Vingi husafiri kwenye mikono, glavu, reli za vitanda na mashine za kupimia presha. Kitakasa mikono chenye spiriti kinatosha mara nyingi, ukisugua kwa sekunde 20 hadi 30, na vidole gumba visisahauliwe. Isipokuwa kama kuna mtu anayeharisha. Kuna bakteria aitwaye Clostridioides difficile, ambaye huibuka antibiotiki zikishaua bakteria wema wa tumboni, na mbegu zake spiriti haiziui. Hapo ni maji yanayotiririka na sabuni, sekunde 40 hadi 60 kwa shughuli nzima. Glavu nazo huwadanganya wengi: ukishika kitanda cha jirani kwa glavu kisha ukaja kwa baba yangu nazo zilezile, umejikinga wewe peke yako.

Ukiona kosa kama hilo la glavu, namna ya kulisema ni muhimu kuliko kulisema. "Dada, samahani, nisaidie uvae glavu mpya kabla hujamgusa mzee." Kwa sauti ya chini, bila mashahidi. Mhudumu mmoja alinijibu kwamba usiku uliopita alikuwa peke yake na wazee 22. Nikanyamaza. Malalamiko yangu yalipaswa kwenda kwa aliyepanga zamu, na tangu siku ile huko ndiko nilikoyapeleka, kwa maandishi.

Kwenye mkojo ndipo mimi mwenyewe nilipokosea. Baba aliwekewa mpira wa mkojo hospitalini, akarudishwa nao makaoni, na hakuna aliyeuliza utatoka lini. Mkojo ulipotia ukungu na harufu, mimi ndiye niliyesimama mlangoni kwa muuguzi nikidai antibiotiki. Nikapewa, tena mara mbili ndani ya miezi mitatu, na baada ya mara ya pili baba akaanza kule kuharisha nilikokutaja hapo juu. Nilichokuja kuelewa ni kwamba mtu aliyekaa na mpira kwa muda mrefu karibu kila mara ana bakteria kwenye mkojo, hata akiwa mzima. Harufu na ukungu peke yake si ugonjwa. Dawa inafikiriwa kukiwa na dalili: homa, kutetemeka, maumivu ya kinena au kiunoni, damu iliyoanza ghafla. Kwa hiyo swali la kuuliza kila wiki ni hili: "Mpira huu bado upo kwa sababu gani?" Kama jibu ni kwamba unapunguza kazi ya kubadilisha nepi, omba daktari aamue upya. Wakati upo, mfuko ukae chini ya kiwango cha kibofu, usiguse sakafu, na bomba lisijikunje.

Daktari akiandika antibiotiki, uliza tunatibu ugonjwa gani, kama kipimo cha kuotesha vimelea kimechukuliwa kabla ya dozi ya kwanza, dawa ni ya siku ngapi, na nani atakayesoma majibu yakirudi. Majibu hayo huchukua siku mbili tatu, na mara nyingi hukuta dawa ni ya kubadilishwa. Nimeona majibu yamekaa kwenye faili wiki nzima huku mzee akimeza vidonge visivyomsaidia.

Kikombe cha maji kiwe anapofikia mkono wake, na meno, hata ya bandia, yasuguliwe kila siku; mdomo mchafu hupeleka vimelea mapafuni.

Ujue pia hali yake ya kawaida. Mzee anaweza kuwa na maambukizi makali bila homa unayoijua. Andika joto lake siku akiwa mzima. Likipanda kwa nyuzi 1.1 juu ya hapo, au likifika zaidi ya 37.8, mwite muuguzi. Akianza ghafla kuchanganyikiwa, kusinzia mno, kukataa chakula au kuanguka, usikubali kuambiwa ni uzee. Akihema kwa kasi, ngozi ikawa ya baridi na mkojo ukapungua, hiyo ni dharura ya saa hiyohiyo, si ya kungoja daktari wa asubuhi.

Jambo la mwisho liliniuma kuliko kidonda. Baada ya majibu ya MRSA, karatasi ilibandikwa mlangoni, na watu wakaacha kuingia. Sahani ya chakula iliwekwa kwenye meza iliyo mbali na kitanda, ikapoa hapo. Karatasi ile ilikuwa ya kuwakumbusha wavae aproni na glavu. Wao waliisoma kama ruhusa ya kupita. Ukikutana na hali hiyo, muulize msimamizi mbele ya muuguzi: nani ameingia leo, saa ngapi, kufanya nini? Wewe mwenyewe ingia. Kama huna kidonda kilicho wazi na huna maradhi yanayodhoofisha kinga, mshike mkono, mkumbatie, kisha unawe ukitoka. Nilifanya hivyo kwa miezi saba, hadi kisigino kilipofunga, na kila mara nilianza kwa kumvua soksi.