SOMO: Mario Strikers Battle League kwa anayeanza, pasi kwanza Hyper Strike (ile shuti kubwa ya magoli mawili) baadaye

Assalaam aleikum wandugu. Somo hili nililiahidi tangu Ramadhani, tulipokuwa tukitoka tarawehe watu wanakuja kukaa kwetu hapa Langoni, Lamu, Switch (mashine ya gemu ya Nintendo) iko kwa tivii, chai ya tangawizi na mahamri yanapita, na kila usiku naona kitu kilekile: mtu ashika pedi mara ya kwanza, apata mpira, akimbia nao peke yake mpaka apigwa kumbo alala chini, alafu asema gemu hii ni bahati tu. Wallahi si bahati. Mi nimeicheza tangu mwaka ilipotoka, 2022, na naipenda kwa sababu ina akili nyingi, ni vile tu akili yenyewe imefichwa ndani ya fujo.

Kwa asiyeijua kabisa: ni mpira wa kina Mario wa Nintendo, wanne uwanjani na kipa wa tano anaitwa Boom Boom, yule mnene ambaye anacheza mwenyewe mpaka adake mpira, hapo sasa wewe ndo unaamua amrushie nani. Hakuna refa. Hakuna faulo, hakuna ofsaidi, hakuna mpira wa kurusha kwa sababu uwanja umezungushiwa uzio wa umeme, na ukimpiga mtu kumbo akagonga ule uzio anatetemeka mpaka moshi. Mechi kwa kawaida ni dakika nne. Kwa hivyo ukitoka kwa gemu za FIFA au eFootball sahau ile tabia ya kurudisha mpira nyuma na kuvuta muda, hapa dakika nne zinaisha hujameza mate.

HATUA YA KWANZA, kabla hujacheza. Kama umenunua kadi ya gemu (ya mtumba au mpya haidhuru), washa intaneti mara moja uvute apdeti. Ilipotoka Juni 2022 ilikuwa na wachezaji kumi tu: Mario, Luigi, Peach, Rosalina, Toad, Yoshi, Bowser, Donkey Kong, Wario na Waluigi. Baadaye mwaka huohuo wakaongezwa bure kwa awamu tatu, kwanza Daisy na Shy Guy, kisha Pauline na Diddy Kong, mwisho Birdo na Bowser Jr., jumla 16. Watu wengi hapa wanacheza na kumi bila kujua, na apdeti yenyewe hailipiwi chochote, ni bando yako tu. Mi nilivuta usiku wa manane mtandao ukiwa mwepesi.

HATUA YA PILI, batani. Sitaandika zote, hizi ndo za kukaa nazo siku mbili za kwanza: A ni shuti, ukiibana inajaa nguvu. B ni pasi ya chini. Y ukiwa na mpira ni pasi ya juu, ukiwa huna ni kumbo, na kumbo nalo ukibana linajaa. R ni chenga. ZR ni mbio. X ni kurusha kile kitu ulichookota, gamba, ganda la ndizi, bomu, uyoga na kadhalika. Kama unashika Joy-Con moja (zile pedi ndogo za pembeni mwa Switch) kwa kuilaza, ya kushoto haina herufi ina mishale, basi hesabu kwa mahali batani ilipo usihesabu kwa jina, watoto hushika hilo haraka kuliko wakubwa.

HATUA YA TATU ndo somo lenyewe. Pasi. Nataka ukae hapa sana.

Ukikimbia na mpira wapinzani wanakujia wawili, na mmoja wao akikugonga umeupoteza. Ukitoa pasi, wale wawili wamebaki wamesimama mahali ambapo mpira hauko tena, na katika uwanja wa watu wanne wanne, wawili wakikosea mbele yako kumebaki nusu. Hiyo ndo hesabu yote ya gemu hii. Pasi mbili, tatu, unapata mtu yuko peke yake pembeni, hapo ndo unabana A. Shuti iliyojaa ndo humtoa Boom Boom, shuti ya kugusa tu anadaka akiwa amelala, na hili nimeliona mara nyingi mpaka naota. Na mpira ukishatoka mguuni sukuma kijiti cha pedi upande mmoja, unapinda ukiwa hewani.

Wacha niwaonyeshe goli moja. Mtoto wa dada yangu ana miaka kumi, haongei akicheza, wenzake wanapiga kelele yeye amenyamaza. Juzi alikuwa akicheza na binamu yake ambaye ni mtu wa Bowser, kumbo kumbo tu. Toad alikuwa na mpira kule kushoto karibu na uzio, Bowser akaja amejaza kumbo, binti akangoja. Mi nikamwambia toa, akangoja tu. Bowser alipofika kama hatua moja ndo akabonyeza R, Toad akateleza pembeni na mwili wake ukachomoka mbio (chenga ukiipiga dakika ya mwishomwisho kabla ya kugongwa gemu inakupa kasi ya ziada), Bowser akapita akagonga hewa. Binti akabonyeza Y, mpira ukapaa juu ya kichwa cha Wario ukamfikia Rosalina kulia, akabana A mpaka ikajaa, akaachia, akakisukuma kijiti chini, Boom Boom akaruka upande wa juu na mpira ukaingia upande wa chini. Binti akaniambia, "Mjomba, nilikuwa nangoja achoke." Hakuna mpira wa moto hapo, hakuna katuni ya kupaa angani, ni goli moja la kawaida na baraza zima lilisimama.

HATUA YA NNE, kumbo. Kwa vile hakuna refa watu wanadhani ukigonga kila mtu umeshinda. Sasa sikiliza: ukimpiga kumbo mtu ambaye HANA mpira, timu yake ndo inapewa kitu cha kurusha. Yaani fujo yako ya bure inamnunulia mwenzio silaha, alafu gamba jekundu likija kukuangusha ukielekea golini unalia bahati mbaya. Gonga mwenye mpira tu. Na jambo ambalo wengi hawalijui, unaweza kumgonga mwenzako wa timu yako akiwa na mpira, hapotezi, anarushwa mbele kwa kasi. Mkiwa wawili upande mmoja mnaelewana hii ni tamu kupita maelezo, tulikuwa tukisikia "ndoo huku, ndoo, nigonga!" mpaka majirani wakadhani watoto wanapigana.

HATUA YA TANO, Hyper Strike. Ile duara inayong'aa ikianguka uwanjani, anayewahi timu yake yote inang'aa kwa muda mfupi, kama sekunde ishirini. Ndani ya muda huo mmoja wenu akipata nafasi ya kubana A mpaka mwisho bila kuguswa, gemu inageuka katuni: inakuja geji (kipimo kwa skrini), unabonyeza mara mbili, kushoto na kulia, na ukipata rangi ya chungwa pande zote mbili goli ni la lazima. Ukikosa kidogo Boom Boom anaukamata anasukumana nao na mpinzani anabonyeza A kama mwendawazimu kumsaidia. Likiingia ni MAGOLI MAWILI. Kila mmoja ana yake, Luigi anapiga kimbunga, Yoshi anapiga yai na waliopitiwa wanageuka mayai, Peach anawaacha wapinzani wamepumbaa kwa mapenzi.

Ni nzuri, siwakatazi. Ila kubana kwenyewe kunachukua muda na ukiguswa imekatika. Kwa hivyo asiyejua pasi hawezi kupata hiyo nafasi, na anayejua pasi anaipata bila taabu. Ndo maana nimeiweka ya tano.

HATUA YA SITA vifaa vya kuvaa, nitapita haraka. Unashinda vikombe (Cannon, Chain, Turbo, Muscle, Trick) unapata sarafu unanunua kofia, glavu, fulana, viatu. Kila kifaa kinaongeza hapa kinapunguza pale, jumla haibadiliki, kwa hivyo hakuna wa kununua ushindi, na mi nawapongeza waliotengeneza kwa hilo. Bowser miguu ni mizito, mwongeze kasi. Rosalina usimpe nguvu, hata umpe haitatosha, mwongeze kile alicho nacho, shuti na ufundi, na huo ufundi ndo unaorahisisha ile geji na kupinda mpira. Basi.

Ulizeni.

---

Mtoto wa Shela: shukran sana kaka. mi duara naliwahi kila mara lakini sijafunga hyper hata moja, nikibana tu nagongwa, nifanye nini

Jibu: Unabania palepale ulipookotea ndugu yangu, katikati ya watu. Ukishang'aa timu yote imeng'aa, si wewe peke yako, toa pasi kwanza upande ambao hakuna mtu, alafu huyo aliyepokea ndo abane. Na kama una ganda la ndizi au bomu lirushe mbele yako kwanza ndo ubane, linakununulia sekunde.

Mama Wawili, Malindi: Assalaam aleikum. Nina kijana wa miaka saba na dadake wa tisa, wanagombana sana kwa FIFA kwa sababu mkubwa anashinda kila siku. Hii itawafaa? Na je lazima ninunue pedi ya pili?

Jibu: Waaleikum salaam dada. Pedi si lazima, zile Joy-Con mbili zilizokuja na Switch kila mtoto ashike moja wameshakuwa wawili. Ushauri wangu, na nimeujaribu kwa watoto wa hapa, usiwaweke kushindana mwezi wa kwanza, waweke TIMU MOJA dhidi ya kompyuta. Gemu inakubali mpaka watu wanane, wanne kila upande, kwa hivyo wawili pamoja si tatizo. Mdogo atapenda kumgonga dadake arushwe mbele na dadake atafunga, sasa ugomvi unaupeleka wapi. Kupigana kwake ni kwa katuni, hakuna damu.

Abu Mkomani: Bro pedi yangu mchezaji anatembea mwenyewe kushoto hata sijagusa, nimeinunua mtumba. ni gemu ama ni mimi

Jibu: Ni kijiti. Mi pia niliuziwa mtumba jozi moja, ya kushoto inaenda kivyake, na muuzaji aliapa iko sawa. Ingia mipangilio ya Switch, sehemu ya pedi, kuna pa kurekebisha vijiti, fuata maelezo ya skrini, mara nyingine yatosha. Isipotosha kijiti kinabadilishwa, ni kipande kidogo fundi wa simu mwenye mkono mwepesi anakiweza. Alafu tukumbuke tunaishi wapi. Upepo wa kusi ukianza chumvi inaingia kila kitu, pedi zisilale dirishani wala barazani. Mi natia kwa kopo la plastiki lenye kifuniko pamoja na vile vipakiti vidogo vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu.

Mzee wa GameCube: Umesahau wakubwa wetu. Strikers za zamani, ile ya GameCube ya 2005 na ya Wii ya 2007, zilikuwa na moto zaidi, hii mpya ni ya kitoto.

Jibu: Kaka sijasahau, ya Wii nimeicheza kwa rafiki Mombasa. Ile shuti kubwa ilirusha mipira mingi mpaka sita na unaiokoa kwa kuelekeza rimoti kwa skrini, moyo unadunda. Na Daisy ulikuwa naye tangu mwanzo, hapa tulingoja apdeti, hilo lilinikera hata mimi. Studio ni ileile, Next Level Games ya Vancouver. Lakini ya Wii kapteni mmoja alibeba timu nzima, wale wengine wasaidizi. Hii ya sasa wote wanne ni majina makubwa na wote wanafunga, ndo pasi ikawa na maana. Hapo mi nachagua hii bila kusita.

Mvuvi wa Gemu: kwetu stima inapotea sana, na intaneti ni ya kubahatisha. itanifaa kweli

Jibu: Itakufaa. Kucheza pamoja kwa Switch moja hakutaki intaneti hata kidogo, ni ile ya kucheza na watu wa mbali na klabu za watu ishirini ndo inataka intaneti na kulipia. Stima ikipotea itoe kwa tivii uiweke mezani. Ukinunua mtumba uliza ni ya mwaka gani, ya kwanza ya 2017 betri ni saa mbili u nusu hadi sita u nusu, ile ya kawaida iliyoboreshwa 2019 ni saa nne u nusu hadi tisa. Mi nilivuka Mokowe nikaenda nayo mpaka Malindi kwa basi ikafika bado inawaka.

Mtoto wa Shela: leo mpo?

Jibu: Tupo, baada ya Isha. Ukija njoo na pedi yako, tayari tuko saba.