Kabla ya kupanda jabali la Dodoma, jua kwanza nani anataga huko juu

Mvua zikikata na Mei ikaingia, majabali ya Dodoma huanza kuita watu. Jiwe limekauka, asubuhi kuna ubaridi wa kuvaa sweta, na barabara za vumbi za kwenda vijijini zinapitika. Mwenye kamba, mkanda na mwenzake wa kumshikia anajua kwamba msimu wake umefika. Lakini ndege wakubwa wawindaji nao huusubiri msimu huohuo. Tai na kozi wengi wa huku kusini mwa ikweta hutaga kiangazi, wakati nyasi zimepungua na mawindo yanaonekana kirahisi kutoka angani. Kwa hiyo miezi tunayoipenda sisi kwa kupanda ndiyo miezi ambayo yai au kinda amelala kwenye kingo ya jiwe, mahali ambapo mkono wako ungetafuta pa kushika.

Nchi ambazo upandaji miamba ni mchezo wa siku nyingi zimelipatia jambo hili utaratibu. Katika hifadhi ya Yosemite, Marekani, baadhi ya njia za kupandia hufungwa kuanzia 1 Machi hadi 15 Julai kwa ajili ya kozi, na njia nyingine zote zinaendelea kutumika. Kozi wale walikuwa wamekaribia kwisha kwa sababu ya DDT, dawa ya kuua wadudu iliyofanya maganda ya mayai yao kuwa membamba kiasi cha kupasuka mama akiyalalia. Dawa hiyo ilipigwa marufuku Marekani mwaka 1972. Mwaka 1978, baada ya miongo zaidi ya mitatu bila kiota kinachojulikana pale Yosemite, jozi moja ilionekana ikitaga kwenye jabali la El Capitan, na waliowaona walikuwa wapandaji. Kufikia 1999 kozi aliondolewa kwenye orodha ya nchi hiyo ya viumbe walio hatarini. Uingereza nako, kumsumbua kozi akiwa kwenye kiota ni kosa chini ya sheria ya mwaka 1981, na chama cha wapandaji, British Mountaineering Council, ndicho kinachowatangazia wanachama wake miamba gani imefungwa na mpaka lini.

Huku kwetu usitarajie kukuta kibao chini ya jabali. Kazi ya kufunga njia unaifanya wewe mwenyewe, kabla hujafungua begi la kamba, na ndiyo maana nayaandika haya kama maandalizi.

Anza kwa kumjua mwenye nyumba. Kwenye mawe makubwa ya granaiti ya Dodoma na Singida, wa kwanza kumfikiria ni tai mweusi, yule mkubwa mwenye alama nyeupe ya V mgongoni inayoonekana akigeuka angani. Chakula chake kikuu ni pimbi. Penye pimbi wengi wanaoota jua juu ya jiwe asubuhi, tarajia kwamba kuna tai anayewahesabu. Jozi yake haihami. Hukaa na eneo lake mwaka mzima na kurudia kiota kilekile mwaka hadi mwaka, ikiongeza vijiti, mpaka kiota kinaweza kukaribia urefu wa mtu mzima kwa upana. Hutaga mayai mawili kwa kawaida, lakini kinda anayetangulia kuanguliwa humdonoa mdogo wake mpaka afe, hata kama chakula kipo. Kwa hiyo jozi iliyofanikiwa hutoa kinda mmoja kwa mwaka. Ukiiharibia Juni, usidhani itataga tena Agosti. Mara nyingi mwaka umeshakwisha kwake.

Hesabu ya siku ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Tai mweusi hulalia mayai kama siku 45, kisha kinda hukaa kiotani siku 90 na zaidi kabla ya kuruka. Jumla ni kati ya miezi minne na mitano. Akitaga mwanzoni mwa Juni, jabali lile si lako mpaka mwishoni mwa Oktoba. Kozi ni wepesi zaidi: kama mwezi mmoja wa kulalia, halafu wiki tano au sita za kulea. Ndiyo maana sipendi ushauri wa kusema tu "msipande Juni na Julai". Tarehe moja haiwezi kuwafaa ndege wote, na anayeshika tarehe bila kutazama jiwe anaweza kurudi Agosti, akiamini amefanya vema, wakati kinda wa tai bado hana hata manyoya ya kuruka.

Kozi ana ugumu mwingine. Hajengi kiota. Hukwangua kishimo kwenye kingo yenye vumbi, au huchukua kiota kilichoachwa na kunguru, kwa hiyo ukitafuta vijiti pekee hutamwona. Bundi wakubwa nao hutaga moja kwa moja kwenye kingo za mawe, na shakivale, mwenye mkia mwekundu na sauti inayosikika mbali, hujenga kwenye jabali au kwenye mti uliojishikiza kwenye ufa wake. Wale vipanga wadogo wanaokuja makundi kwa makundi na mvua za Novemba na Desemba kula kumbikumbi wasikuchanganye. Ni wasafiri, wanakotagia ni mbali sana, na hakuna haja ya kufunga jiwe kwa ajili yao.

Sasa upelelezi wenyewe. Nenda siku moja au mbili kabla, alfajiri, ukiwa na darubini, ukae mbali mita mia kadhaa na jabali, mahali unapoliona lote. Kaa saa mbili kamili. Ndege aliyelalia mayai hajitokezi ovyo. Utakachoona ni zamu. Mmoja anafika, anatua kwenye kingo, anainamisha kichwa, anapotea ndani. Baada ya muda mfupi mwingine anatoka palepale na kwenda zake. Ukiona hivyo mara moja, huna haja ya ushahidi zaidi. Ukiona ndege amebeba kijiti, au pimbi anayening'inia kwenye makucha, mfuatie kwa macho mpaka anakotua.

Kisha soma jiwe. Hapa wengi huchanganyikiwa, kwa sababu majabali yetu yamejaa michirizi myeupe na mingi si ya ndege. Pimbi wana mahali pao pa kujisaidia, vizazi na vizazi, na mkojo wao ukikauka huacha gamba jeupe na la kahawia lililoganda kwenye jiwe. Ukisogea chini yake utakuta lundo la vinyesi vidogo vya duara, na harufu haifichiki. Mnyunyizo wa kinyesi cha tai au kozi ni tofauti: ni mweupe kama chokaa mbichi, unaanzia kwenye kingo moja na kutawanyika kuelekea chini, na sehemu iliyo mbichi inang'aa kuliko pembezoni. Chini yake utaona mifupa, mafuvu madogo ya pimbi yenye meno mawili marefu ya mbele, manyoya, pengine vijiti vilivyodondoka. Mnyunyizo mweupe uliofifia, bila kitu kibichi chini, unaweza kuwa wa mwaka jana. Lakini tai hurudi kwenye kiota chao, kwa hiyo hata huo usiupuuze ikiwa ni Aprili au Mei na bado hawajaanza kutaga.

Baada ya jiwe, watu. Jabali halisimami porini bila wenyewe. Lina kijiji au mtaa, na wanaolijua kuliko wewe ni watoto wanaochunga mbuzi na wazee wanaokaa upande wa kivuli. Pita kwanza kwa mwenyekiti au mtendaji, ujitambulishe, useme unataka nini na lini. Kisha ongea na wachungaji. Swali la "kuna tai hapa?" halizai sana, kwa sababu kila ndege mkubwa ataitwa tai au mwewe. Uliza hivi: "Shikamoo mzee. Yule ndege anayechukua pimbi hapa, huwa anaingia upande gani wa jiwe?" Mzee ataitikia marahaba, atanyoosha fimbo, na mara nyingi atakuonyesha mahali penyewe na kukueleza mwaka gani walikuwepo na mwaka gani hawakuwepo. Akianza kulalamika juu ya kuku wake, msikilize. Mwewe na wenzake wadogo ndio wanaotembelea sana mabanda, tai mweusi ameshughulika na pimbi. Mweleze kwa upole, bila kumfanya mjinga. Usiulize bei ya kitu chochote kinachohusu kiota, wala usitoe zawadi kwa kuonyeshwa. Siku mtu akihisi kiota kina soko, yai au kinda atapotea. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inakataza kukamata au kuua mnyamapori bila kibali, na ndege wamo humo, lakini sheria iko mbali na jabali kuliko mkono wa mtu.

Kama safari yako ni ya upande wa Kondoa, ongeza jambo moja. Miamba yenye michoro ya Kolo na jirani zake imo kwenye urithi wa dunia tangu 2006, na baadhi bado ni mahali pa matambiko. Hapo hapapandwi mwezi wowote wa mwaka.

Watu huniuliza kwa nini nusu saa tu ya mpandaji iwe tatizo kubwa hivyo. Jibu liko kwenye jua. Jiwe la Dodoma saa saba mchana halikanyagiki kwa mguu mtupu. Kinda wa siku chache hawezi kujipoza. Anaishi kwa kivuli cha mbawa za mama yake. Mama akiruka na kuzunguka angani akipiga kelele kwa sababu yako, yule mdogo anaiva pale. Alfajiri ya Juni hatari ni ya upande wa pili, yai linapoa. Kuna pia kunguru wenye baka jeupe shingoni, nao wanakaa majabali hayohayo na wanasubiri kingo iachwe wazi. Na kinda aliyekaribia kuruka akishtuliwa huruka kabla ya wakati wake, huangukia chini ambako kuna mbweha na mbwa wa kijijini.

Mtu aliye juu ya kiota humtisha ndege zaidi kuliko aliye chini yake. Kwa hiyo usijidanganye kwamba umeheshimu kiota kwa kuacha kufunga kamba, halafu mkapanda kwa njia ya nyuma kundi zima, mkaweka spika na kupiga picha za machweo kileleni. Kwa tai ni usumbufu uleule au mbaya zaidi. Droni nayo ni hivyo, mbali na kwamba kuirusha kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Picha za kiota usizipandishe mtandaoni zikiwa na jina la mahali, hata kama umeipata picha nzuri kuliko zote ulizowahi kupiga.

Panga jabali la pili kabla hujatoka nyumbani. Hili ndilo linalowaponza wengi: wamekodi gari, wamelipa mafuta, wamefika, wanaona kiota, na roho inawaambia wapande tu haraka waondoke. Ukiwa na jiwe mbadala, uamuzi unakuwa mwepesi. Mawe mafupi yasiyo na kingo wala nyufa kubwa, yale ya mita nne tano yaliyotapakaa nje ya mji, hayana kiota mara nyingi na yanafaa kwa mazoezi kiangazi chote. Jabali kubwa liwekee miezi ya mwanzo wa mwaka: Februari mvua za Dodoma hukatika kidogo miaka mingi, granaiti hukauka upesi, na kingo zilizokuwa na makinda huwa tupu. Angalia tu radi za mchana. Na msimu wowote, kagua nyufa kwa ajili ya nyuki. Hao hawana mjadala.

Ukiwa tayari umeshapanda na ndege akaanza kukuzunguka, akilia kwa kukatakata, au akashuka kuelekea kichwani kwako, usisubiri atulie. Shuka kwa kamba kutoka hapo ulipo, kwa upande ulio mbali na anakotua, mkusanye vitu na kuondoka kabisa chini ya jabali. Kumaliza njia ili "msirudie tena" ni kumwongezea dakika nje ya kiota. Mkikuta kinda chini, mwenye manyoya kamili na asiye na jeraha, mwacheni. Wazazi huendelea kumlisha. Akiwa na jeraha, afisa wanyamapori wa wilaya apewe taarifa, wala kinda asipelekwe nyumbani kwenye boksi.

Mkiwa kundi linalopanda mara kwa mara, kaeni na serikali ya kijiji mfunge njia rasmi kwa msimu. Kibao kiandikwe "Njia hii imefungwa mpaka" na tarehe, bila kutaja kiota. Kinda akishaanza kuruka, ongezeni wiki mbili tatu, kwa kuwa hurudi kulala kwenye kingo yake na kulishwa palepale. Kisha mmoja wenu aende alfajiri na darubini. Akikaa saa mbili bila kuona ndege akiingia, na mnyunyizo umekauka na kufifia, kibao kinatolewa, mwenyekiti anaambiwa, na tarehe ya mwaka huu inaandikwa kwenye daftari la kundi kwa ajili ya mwaka kesho.